Kisu Ndicho Kiwacho Butu: Kisa cha Neno “pain” katika Fomu ya Kliniki

Kisa ninachokichambua hapa kilianza na karatasi moja tu. Kliniki moja ya wagonjwa wa kisukari jijini Tanga iliniletea fomu ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ili niitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee wanaofika kupimwa miguu. Maswali mengi yalikuwa mepesi: umri, miaka tangu ugonjwa ugundulike, dawa anazotumia mgonjwa. Swali la nne ndilo lililozaa kisa hiki. Lilimtaka mgonjwa aeleze maumivu ya miguu yake kwa kuweka alama ya vema mbele ya neno moja au zaidi kati ya maneno kumi: “sharp”, “dull”, “burning”, “stabbing”, “throbbing”, “aching”, “cramping”, “tingling”, “shooting” na “sore”. Juu ya maneno yote hayo lilikaa neno moja kubwa, “pain”, nayo yale kumi yakawa chini yake kama watoto chini ya mama mmoja.

Nilifanya kile ambacho watafsiri wengi tungekifanya siku ya kwanza. Nililichukua neno “pain” nikaliita maumivu, kisha nikalitafutia kila neno la Kiingereza sifa ya kuning’inia nyuma ya maumivu hayo. Rasimu yangu ilisomeka hivi: maumivu makali, maumivu butu, maumivu ya kuunguza, maumivu ya kuchoma, maumivu ya kupiga, maumivu ya kuuma, maumivu ya kukakamaa, maumivu ya kuwasha, maumivu ya kufyatuka na maumivu ya kidonda. Kwa utaratibu wa kazi hizi, mtafsiri mwingine ambaye hakuwa ameiona fomu ya asili aliirudisha rasimu yangu katika Kiingereza ili ilinganishwe na ile ya mwanzo. Karibu kila neno lilirudi salama. “Maumivu butu” yalirudi kuwa “dull pain”, na “maumivu ya kufyatuka” yakarudi kuwa “shooting pain”. Daktari aliridhika, nami nikaridhika.

Sasa najua kwamba ulinganisho ule haukuweza kutuambia lolote. Aliyerudisha rasimu katika Kiingereza alikuwa mtu anayekijua Kiingereza kama mimi, na alipoona “maumivu butu” hakuhitaji Kiswahili kumweleza maana yake, kwa kuwa alikiona Kiingereza chini ya maneno hayo kama mtu anavyoona jiwe chini ya maji ya kina kifupi. Jambo ambalo hatukulipima ni kama mtu asiyejua Kiingereza angeelewa kitu.

Tulilipima asubuhi moja barazani mwa kliniki, pale wagonjwa wanapokaa kwenye mabenchi kusubiri kuitwa. Muuguzi alisoma fomu kwa sauti, nami nilikaa pembeni na daftari. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, amejifunga leso yake vizuri, ndala amezivua na kuziweka kando ili nyayo zipate baridi ya saruji. Tuliamkiana, “Shikamoo bibi,” “Marahaba, mjukuu wangu,” kisha muuguzi akaanza kumsomea visanduku. Alipofika cha pili bibi alimzuia kwa mkono.

“Maumivu butu ndiyo yapi hayo? Kisu ndicho kiwacho butu, mjukuu wangu. Mimi miguu yangu inawaka moto. Usiku naitoa nje ya shuka, nikizidiwa nashuka kitandani naikanyaga sakafu.”

Muuguzi alitafuta kisanduku cha kumfaa. Alimsomea “maumivu ya kuunguza”, naye bibi akakataa papo hapo, akasema hajaungua, hana hata alama ya moto mwilini. Mwishowe, ili wasonge mbele, muuguzi alimuuliza kama maumivu hayo ni makali. Bibi alijibu kwa kutikisa kichwa: makali hasa. Alama ya vema ikawekwa kwenye “maumivu makali”, ambayo katika nakala ya daktari ndiyo iliyosomeka “sharp”.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na tusingekaa barazani lisingeonekana, kwa sababu fomu ilijazwa vizuri na hakuna kisanduku kilichoachwa kitupu. Bibi aliyeeleza kwa maneno yake kile hasa ambacho daktari alikuwa akikitafuta, yaani miguu inayowaka usiku, aliingia katika kumbukumbu za kliniki kama mtu mwenye maumivu ya kukatakata. Kwa mgonjwa wa kisukari tofauti hiyo si ya pambo. Kuwaka moto, ganzi na hali ya kutambaliwa ni dalili zinazoelekeza kwenye mishipa ya fahamu iliyoharibika kwa sukari, na maumivu ya mishipa hiyo mara nyingi hayatulizwi na paracetamol au diclofenac. Huhitaji dawa za namna nyingine, kama vile amitriptyline. Kipimo kimoja cha Kifaransa kilichotolewa mwaka 2005, kiitwacho DN4, kina vigezo kumi vya kumsaidia daktari kutambua maumivu ya mishipa ya fahamu, na kuwaka moto ndicho cha kwanza katika orodha. Mgonjwa akifikisha vinne, mishipa hiyo hushukiwa. Bibi wetu alikuwa na kimoja mdomoni, na fomu yangu ikakipoteza.

Nililazimika kurudi nyuma na kuyatazama maneno ya Kiingereza yenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeyapokea bila kuyauliza yametoka wapi. Neno “pain” si mzaliwa wa Kiingereza. Lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini “poena”, ambalo maana yake ni adhabu, na maana hiyo ya kale bado imebaki katika tamko la kisheria la Kiingereza linalomkataza mtu jambo “on pain of death”, yaani kwa adhabu ya kifo. “Ache” ndilo neno la wenyeji, la Kiingereza cha kale, na ndilo lililoshikamana na viungo vya mwili: kichwa, jino, tumbo, mgongo, sikio, na hata moyo ulioachwa na mpenzi, kila kimoja kina “ache” yake katika neno moja. Lakini goti halina, wala mguu hauna. Mwingereza mwenye goti linalouma atatumia “pain”, na ukimuuliza sababu atakosa jibu, kwa maana ni desturi ya lugha tu. Hata tahajia ya “ache” ina hadithi yake: Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alidhani neno hilo limetoka Kiyunani, na dhana hiyo isiyo sahihi ndiyo iliyosaidia kulikalisha neno katika herufi zinazotumika hadi leo.

Tofauti ya “pain” na “ache”, basi, haiko katika ukubwa wa maumivu. “Ache” hudumu, hukaa palepale, mtu akaendelea na kazi zake huku akiisikia. “Pang” huja ghafla na kuondoka, nayo hutumika kwa njaa na kwa dhamiri kuliko kwa mifupa. “Twinge” ni ndogo kuliko hiyo, mshtuko wa mara moja wakati mtu anainuka kitini. “Stitch” ni ile ya ubavuni baada ya kukimbia, ambayo sisi tunaiita kichomi, ingawa kwetu kichomi ni kizito zaidi, maana watu wengi wakilitaja neno hilo huwaza nimonia. “Agony” ni mateso yaliyokwisha kumshinda mtu.

Mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, aliichukulia familia hii ya maneno kwa uzito mkubwa kuliko mtu mwingine ninayemjua. Mwaka 1971, pamoja na Warren Torgerson, alichapisha kazi iliyopanga maneno 102 ya Kiingereza yanayoeleza maumivu, na mwaka 1975 akatoa dodoso lenye maneno 78 katika makundi 20. Ndani ya kila kundi maneno yanafanana kwa namna na yanapishana kwa kiwango. Kundi la joto, kwa mfano, linaanza na “hot”, linapanda hadi “burning”, kisha “scalding”, na kuishia “searing”. Kilichonifungua macho ni kundi la tisa, ambamo “dull”, “sore” na “aching” wamekaa pamoja. Fomu yangu ilikuwa na visanduku vitatu kwa maneno ambayo hata Kiingereza chenyewe kinayaona kuwa ndugu wa tumbo moja, nami nilikuwa nimeyatenga kuwa butu, kidonda na kuuma, kana kwamba hayajuani.

Lakini tatizo kubwa zaidi halikuwa la neno hili au lile. Lilikuwa la sarufi. Kiingereza huyageuza maumivu kuwa kitu, kisha kikakipa kitu hicho sifa: ni kikali kama kisu, ni butu, kina moto, kinapiga. Mgonjwa wa Kiingereza ana maumivu kama vile mtu ana ng’ombe, naye anaweza kuulizwa ng’ombe huyo ni wa rangi gani. Kiswahili hakianzi hapo. Kwetu kiungo ndicho kinachotenda, na mwenye mwili ndiye anayetendwa: kichwa kinaniuma, tumbo linanisokota, jino linapwita, koo linanikereketa, kifua kinanibana, kidonda kinanichonyota, macho yananiwasha. Tofauti zote ambazo Kiingereza huziweka katika sifa, sisi tunaziweka katika kitenzi. Neno maumivu tunalo, na ni neno zuri, lakini ni neno la jumla, la baada ya tukio, na mara nyingi tunalisikia katika matangazo ya dawa na katika midomo ya waganga wa hospitali kuliko katika mdomo wa mgonjwa mwenyewe. Kitenzi kilicholizaa neno hilo, kuuma, ni kilekile cha nyoka na mbwa; hata njaa kwetu inauma. Ndiyo maana “maumivu ya kuuma” niliyoyaandika kwa “aching” hayakuwa na maana yoyote. Ilikuwa ni sawa na kusema mvua ya kunyesha.

Nilianza upya kwa kuwauliza wagonjwa bila kuwasomea visanduku. Badala ya kuuliza maumivu yako ni ya aina gani, muuguzi aliuliza: “Miguu inakufanyaje?” Swali hilo halikuhitaji maelezo. Watu walijibu kabla halijamalizika.

Jibu lililonishughulisha zaidi lilitoka kwa mzee mmoja mvuvi, aliyesema kwa ufupi, “Inanichoma.” Niliandika, kisha nikasita. Kuchoma ni kitenzi cha mambo mawili: moto unachoma, na mwiba unachoma. “Burning” na “stabbing”, ambayo Melzack aliyaweka katika makundi tofauti kabisa, kwetu yamo ndani ya kitenzi kimoja, na hakuna aliyewahi kuona tabu kwa kuwa kwa kawaida kinachochoma hutajwa palepale. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimekitoa kisanduku cha “maumivu ya kuchoma” kwa “stabbing”, nikidhani kuunguza kumekwisha kuchukua upande wa moto. Nikamuuliza, “Inachoma vipi, mzee?” Hakujibu kwa neno. Aliunyanyua mguu wake, akauweka juu ya goti la pili, akaanza kuugonga unyayo kwa ncha ya kidole, hapa, pale, hapa tena, haraka haraka. “Hivi. Kama nakanyaga miba ya bahari.” Basi kwake ilikuwa ncha, si moto. Bibi angelitumia neno hilohilo angekuwa na maana ya moto. Kwa hiyo kuchoma hakuwezi kuachwa peke yake kwenye fomu. Ni lazima kifuatane na kile kinachochoma.

Neno makali lilikuwa na tabia ya namna hiyo, ila hatari yake ni kubwa zaidi kwa sababu haionekani. “Sharp” katika fomu ya Kiingereza haielezi ukubwa wa maumivu bali umbo lake: ni ya ncha au makali ya wembe, na yanaweza kuwa madogo. Kwetu, ukiacha upanga na kisu, ukali ni kiwango: jua kali, baba mkali, pilipili kali, dawa kali. Mgonjwa yeyote aliyezidiwa, yawe ni maumivu ya namna yoyote, atasema ni makali, na atakuwa amesema kweli. Kisanduku hicho kilikuwa kikiwameza wagonjwa wote wenye hali mbaya.

Kwa “dull” jibu lilikuwa linasemwa kila siku mbele yetu. Mama mmoja alisema, “Inauma kwa mbali.” Hakuna butu hapo. Maumivu hayo yanasikika kama ngoma ya kijiji cha pili, yapo, hayaondoki, lakini hayajafika. Mwingine alisema yake “inaumauma”, na kule kukirudia kitenzi kulitosha kueleza kwamba kuuma huko ni kwa hapa na pale, kwa kuja na kwenda, bila kumlaza mtu kitandani. Kurudia huku ni chombo ambacho Kiingereza hakina, nami nasikitika kwamba sikukikumbuka nilipokuwa nimekaa mezani na kamusi.

“Throbbing” ilinipa kazi ya namna nyingine. Kupwita ndilo neno lake hasa, na wazee wa pwani walilipokea bila kuuliza, kwa jino, kwa jipu na kwa kidole kilichovimba. Muuguzi kijana aliyekulia bara hakuwa amelisikia. Kuwanga, ambako ni kwa kichwa zaidi, hakukufaa kwa miguu. Tuliliacha kupwita na kuliongezea maelezo ya kudunda kama moyo, kwa sababu niliona si haki neno lililo sahihi liondolewe kwa kuwa mmoja wetu hakulikuta kwao. Kukeketa, kwa upande wake, nililiondoa kwa moyo mzito. Ni neno la kale la kukata kwa kisu kisichopata, na wazee hulitumia kwa tumbo, lakini siku hizi limechukuliwa na mazungumzo ya ukeketaji wa wasichana, na kulisoma kwa sauti barazani mbele ya watu kungemfanya mgonjwa ashtuke kabla hajafikiria mwili wake.

Daktari aliuliza kwa nini hatutumii uchungu, ambalo yeye alilikuta katika kamusi kama tafsiri ya “pain”. Swali lake lilikuwa la haki. Uchungu kwanza ni ladha ya shubiri. Pili ni ule unaomshika mama anapotaka kujifungua, na husemwa ameshikwa na uchungu bila kuongeza neno. Tatu ni wa moyoni, na methali inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzee akiweka alama kwenye kisanduku cha uchungu, hatujui kama anatueleza habari za nyayo zake au za mwanawe aliyefariki.

Maneno mawili mengine yalipatikana upesi. “Shooting”, yale maumivu yanayokimbia kutoka nyonga hadi kidoleni kwa nukta moja, kila mtu aliyaeleza kwa umeme: mguu unapiga shoti. “Tingling” yalikuja kwa jozi, ganzi na sisimizi. Nilikuwa nimeyaita ya kuwasha, na hilo lingewapeleka wagonjwa kwenye upele.

Fomu ya pili ilikuwa na visanduku vinane badala ya kumi. Swali la nne sasa linauliza miguu yako inakufanyaje, na majibu ni haya: inawaka moto, inachoma kama mwiba au sindano, inapwita, yaani inadunda kama moyo, inauma kwa mbali bila kuacha, misuli inakaza, inafanya ganzi au inatambaa kama sisimizi, inapiga shoti, inauma ikiguswa tu. Daktari hakufurahia kupotea kwa visanduku viwili, kwa kuwa alitaka majibu yake yaweze kuwekwa sambamba na ya kliniki nyingine zinazotumia fomu ya Kiingereza. Tulibishana kwa heshima mchana mzima. Hoja iliyomshawishi ni kwamba “sharp” na “stabbing” kwa wagonjwa wake zilikuwa jibu moja, na “dull” na “aching” vilevile, na kwamba kile alichokihitaji hasa, moto, ganzi na sisimizi, na shoti, sasa vyote vilikuwa na mahali pake. Ukubwa wa maumivu uliwekwa katika swali la tano, kwa namba kuanzia 0 hadi 10, ili neno makali libaki huko linakostahili.

Bibi alirudi kliniki wiki zilizofuata, siku yake ya kupimwa sukari, na muuguzi akamwomba ajibu tena. Alipoulizwa miguu inamfanyaje, hakusubiri kusomewa kitu. Alisema inawaka moto kama alivyotwambia, na tena siku hizi vidole vinafanya ganzi, juzi alitoka nje na ndala moja asijue nyingine imebaki mlangoni. Muuguzi aliweka alama mbili, akampelekea daktari karatasi. Daktari aliisoma, akamwomba bibi aketi na kunyoosha mguu, kisha akatoa drooni uzi wa nailoni wa kupimia hisia, ule unaokunjika kwa uzito wa gramu 10, akamwambia afumbe macho na aseme “ndiyo” kila atakaposikia unamgusa. Alianza na kidole gumba.